Darasani wananisikiliza, tukitoka uwanjani ni vurugu tupu. Kipindi cha michezo kimenishinda, naombeni ushauri

mwl_wa_hesabu

Habari zenu walimu wenzangu. Naombeni mawazo maana hapa nilipofika nimechoka kwakweli. Mimi ni mwalimu wa hesabu, ila muhula huu nimeongezewa kipindi cha michezo cha darasa lilelile ninalolifundisha, watoto 48, umri wao miaka 12 na 13. Darasani hatuna shida, nikiingia wananyamaza na kazi wanafanya. Ila tukishavuka mlango kwenda uwanjani ni kama nimekabidhiwa watoto wengine kabisa.

Wanatoka mbio kabla sijamaliza kusema, mipira tunayo mitatu tu inagombaniwa, na mtu akiupata anaupiga mbali makusudi ili wote waukimbilie. Napiga filimbi mpaka masikio yananiuma na hakuna anayegeuka. Wiki iliyopita nilitaka tufanye mbio za kupokezana vijiti, nikawapanga mistari mitatu vizuri tu, hazikupita dakika tano mistari imevunjika, wa nyuma wanavutana mashati, wengine wanarushiana mchanga, na mtoto mmoja akategwa mguu akaanguka akachubuka goti vibaya sana, damu mpaka kwenye soksi.

Aliyemtega ni kijana mmoja nitamuita J. Huyu ndo kinara. Mpira ukija kwake anaupiga nje, au anasukuma mwenzake, au anaanza kuchekesha watu. Nikamwambia azunguke uwanja mara tatu kama adhabu. Akazunguka anacheka, na rafiki zake wawili wakaenda kuzunguka nae bila kuambiwa, nikabaki nimesimama pale kila mtu ananiangalia. Na huyu huyu J kwenye hesabu ni mtulivu, anakaa dawati la mbele kabisa na alilichagua mwenyewe.

Alafu kuna wasichana wanne kila kipindi wako kivulini. Tumbo linauma, viatu vinabana, kila wiki sababu mpya, na sasa wameanza kuongezeka.

Kuwapigia kelele dakika 40 sitaki, na kuwarudisha darasani wakae kimya nako naona nawanyima haki yao. Nifanyeje?

filimbi_moja

Pole sana mwalimu, hayo yamemkuta kila aliyewahi kushika filimbi, usijione umeshindwa wewe.

Nianze na hiyo mistari yako mitatu, wewe ni mtu wa hesabu utanielewa haraka. Watoto 48 kwa mistari 3 ni watoto 16 kila mstari. Kila mmoja akikimbia sekunde 15, basi mtoto akishamaliza zamu yake anasubiri karibu dakika 4 ndo akimbie tena sekunde 15. Dakika 4 mtoto wa miaka 12 amesimama nje, jua linawaka, mgongo wa mwenzake uko mbele yake, hana kitu mkononi wala cha kufanya. Unategemea afanye nini? Atavuta shati. Mimi ningevuta.

Kwahiyo kabla hujatafuta dawa ya utovu wa nidhamu tafuta kwanza wapi watoto wako wanasubiri, kwa sababu fujo nyingi za uwanjani zinazaliwa pale. Vunja mistari. Badala ya mitatu ya watu 16 weka kumi na mbili ya watu wanne wanne, umbali mfupi, hapo mtoto akimaliza kukimbia anapumua kidogo na zamu yake imeshafika. Kijiti si lazima kiwe kijiti, hata kipande cha kamba au kitambaa kinatosha kupokezana.

Na michezo ile ya kutolewa, kwamba ukiguswa unatoka unakaa pembeni, achana nayo kabisa. Anayetolewa wa kwanza mara zote ni yule mzito, yule mwoga, yule asiyejua, yaani yule anayehitaji mazoezi kuliko wote ndo anakaa dakika nyingi kuliko wote, na akikaa anaanza fujo. Badilisha sheria, ukiguswa unaruka mara tano unarudi ndani.

La pili ni filimbi. Ukiipiga kila dakika inageuka kelele kama kelele nyingine. Mimi napiga mara moja tu, maana yake simama, mpira chini katikati ya miguu, mikono magotini, macho kwangu. Lakini hiyo lazima UWAFUNDISHE kama unavyofundisha kuzidisha. Kipindi kizima cha kwanza hatufanyi kingine, wanakimbia ovyo wanavyotaka, filimbi, simama, wanakimbia tena, filimbi, simama. Tunashindana na saa, leo sekunde 9, tunataka 5. Wanaipenda sana na hawajui kwamba wanafundishwa kutii.

La tatu maelezo yote yaishie darasani kabla hamjatoka. Wanajua wako kundi gani, wanaanzia wapi, nani anabeba nini. Ukifika nje na maneno mengi umeshawapoteza. Na ukibidi kuongea nje, wewe ndo uangalie jua, wao walipe mgongo, maana mtoto aliyefinya macho hakusikilizi. Alafu usikae katikati ya uwanja hata siku moja, ukikaa katikati nusu ya darasa iko nyuma yako. Tembea pembeni, zunguka ukiwa kwa nje, wote wawe mbele ya macho yako. Hiki kitu kidogo lakini kilinibadilishia kazi.

kocha_mzee

Nakubaliana na filimbi_moja kwa asilimia kubwa ila niongeze upande mwingine, maana tusije tukamfanya mwenzetu aamini kwamba akipanga vizuri basi hakuna mtoto atakayekosea. Watakosea. Kuna mtoto ana mpira, ana nafasi, ana kila kitu na bado atamtega mwenzake. Hapo lazima ajue kinachofuata ni nini, na kiwe kile kile jana na leo, kwa J na kwa yule mtoto mpole unayempenda.

Sheria ziwe chache. Mimi nina tatu tu, hakuna kugusa mwili wa mwenzako kwa kuumiza, hakuna kugusa kifaa kabla hujaambiwa, filimbi ikilia unasimama. Basi. Anayevunja anatoka pembeni dakika mbili, anakaa mahali ambapo anaona mchezo na mimi namuona. Simpigii kelele, namfuata karibu namwambia kwa sauti ya chini, kaa pale, ukiwa tayari njoo uniambie utafanya nini tofauti. Akija akaniambia anarudi. Kama hajui aseme nini anakaa tena kidogo. Cha muhimu ni dakika mbili na sio kipindi kizima, kwa sababu mtoto asiyependa michezo ukimuweka nje kipindi kizima umempa zawadi, wiki ijayo atakosea mapema zaidi ili akapumzike.

Kwenye tufe na mkuki hapo hakuna dakika mbili wala mjadala. Wote wanarusha kwa ishara moja, wote wanaenda kuokota kwa ishara moja, hakuna anayevuka mstari mkuki ukiwa mkononi mwa mtu. Anayecheza pale siku hiyo harushi tena. Na kwa darasa lako lilivyo sasa hivi mwalimu usitoe vifaa hivyo kabisa mpaka filimbi imekubali.

Halafu hiyo ya kuzungusha watoto uwanja kama adhabu nakuomba uiache, na sisemi kwa kukulaumu, nimeifanya mwenyewe miaka mingi. Kwanza unafundisha kwamba kukimbia ni mateso wakati kazi yetu ni wapende kukimbia. Pili ni hatari kweli. Mtoto akilazimishwa mazoezi makali kupita uwezo wake hasa kwenye joto anaweza kupata kiharusi cha joto, au misuli ikavunjika vunjika ndani na mabaki yake yakaenda kuharibu figo, na hili limewapata watoto wa shule na wachezaji vijana sehemu mbalimbali duniani. Mkojo unabadilika rangi unakuwa mweusi kama chai ya rangi ndo watu wanashtuka. Na kama kuna mwenye pumu au tatizo la moyo ambalo hukuambiwa, utafanyaje? Adhabu iwe adhabu na mazoezi yabaki mazoezi.

dada_wa_viungo

Mimi nataka nizungumzie J na hao wasichana kwa sababu naona wamepitwa haraka.

Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana kwenye kuruka juu. Kila tukifunga kamba, zamu yake ikikaribia anaivuta inaanguka, au anajitupa juu yake kwa makusudi watu wacheke, au anagombana na aliye mbele yake ili atolewe. Nikamtoa mara tatu, mara nne. Mara ya tano nikakumbuka kwamba sijawahi kumuona akiruka hata mara moja. Hata mara moja jamani! Alikuwa haruki. Alikuwa anapanga vizuri kabisa asifikiwe na zamu yake, kwa sababu kwa mtoto wa umri ule kuitwa mkorofi kuna afadhali kuliko kuonekana na wote kwamba hawezi.

Kuna mtaalamu mmoja wa ufundishaji wa michezo anaitwa Muska Mosston, tangu miaka ya 1960 alikuwa anaeleza kitu rahisi sana. Ukifunga kamba imenyooka kwa urefu mmoja, kila unapoipandisha unatoa watoto nje, wa kwanza kutoka ni yule asiyejua, na mwisho anabaki mmoja anaruka wengine 40 wanamwangalia. Lakini ukiifunga mshazari, upande mmoja juu na upande mwingine karibu na ardhi, kila mtoto anachagua mwenyewe pa kuruka. Nilifunga hivyo. Upande mmoja kifuani kwangu, upande wa pili kwenye kifundo cha mguu. Sikusema kitu, niliwaambia tu rukeni popote mnapotaka, na ukiruka mara mbili bila kugusa sogea hatua moja kwenda juu. Yule kijana akaenda kule chini kabisa, akaruka. Akageuka akaniangalia kama anasubiri niseme neno. Sikusema. Akaruka tena, akasogea hatua moja. Kipindi kile chote hakugombana na mtu, na kamba haikuanguka.

Kwahiyo kuhusu J nakuomba kitu kimoja, kipindi kijacho mwangalie dakika kumi bila kumsemesha. Usiangalie anachofanya vibaya, angalia ni sekunde gani kabla ya nini. Mpira ukienda kwake? Wakipangwa timu? Akiwa wa mwisho kuchaguliwa? Na timu anapanga nani? Kama unateua makapteni wawili wanachagua mmoja mmoja mbele ya wote acha leo leo, kuna mtoto kila wiki anasimama pale mpaka mwisho anasikia "haya njoo tu". Panga wewe mapema, waje wakiwa wanajua timu zao.

Wasichana, wewe ni mwanaume au mwanamke sijui, lakini kama ni mwanaume muombe mwalimu wa kike akae nao pembeni, sio siku ya kipindi, na aulize bila mtu wa tatu. Umri huo hedhi imeanza kwa wengine, hawana cha kubadilisha, wanaogopa nguo ichafuke mbele ya wavulana. Mwingine mwili umebadilika na wavulana wanasema maneno akikimbia. Ukimuuliza mbele ya watu atakwambia viatu vinabana, angekwambia nini kingine? Na maneno ya wavulana yakijulikana hiyo ni kesi ya wavulana, iende kwenye sheria ya kocha_mzee hapo juu.

mwl_wa_hesabu

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mimi ni mwanaume, nitamuomba mwalimu mwenzangu wa kike kesho.

Hiyo hesabu ya dakika 4 imenichoma, sikuwahi kuipiga.

Swali, mipira ni mitatu. Mnaposema kila mtoto awe na cha kufanya, kwa mipira mitatu na watoto 48 inakuwaje?

filimbi_moja

Gawa uwanja vituo, makundi nane ya watoto sita. Vituo vitatu ndo vina mpira, vitano havina. Kuruka kamba, mbio fupi za kugeuka kati ya alama mbili, kuruka mbele kwa miguu miwili na kupima kwa hatua, kutembea juu ya mstari kwa usawa, kulenga shabaha kwa mipira midogo ya matambara waliyoifunga wenyewe. Dakika nne, filimbi, wote wanahama kituo cha mbele. Kwa dakika 40 zako ukitoa za kutoka na kurudi unapata kama vituo sita, viwili vilivyobaki vinaanza kipindi kijacho. Michezo ya kukimbizana nayo haihitaji mpira hata mmoja. Na mpira huo wa timu usiwe 11 kwa 11, iwe watatu kwa watatu, kwenye timu ya watu wengi watoto watano wanacheza na waliobaki wanatembea.

mama_wa_timu

Naongeza kuhusu kumpa J majukumu, naona hakuna aliyesema.

Kuna mwalimu wa Marekani marehemu Don Hellison, alifanya kazi miaka mingi na vijana waliokuwa na maisha magumu kule Chicago, na aliitumia michezo kuwafundisha kuwajibika. Alikuwa na ngazi ambazo mtoto anapanda. Kwanza kuheshimu haki na hisia za wenzake, kisha kujitahidi kushiriki, kisha kujiongoza mwenyewe bila kusimamiwa, kisha kumsaidia na kumwongoza mwenzake, na ya mwisho ni kuyabeba hayo yote kwenda nje ya uwanja, nyumbani na mtaani. Mimi natumia kwa namna rahisi, mwisho wa kipindi tunakaa duara dakika tatu, kila mtu ananyoosha vidole kuonyesha leo alifika ngazi ya ngapi. Sibishani nao. Mtoto aliyegombana akinyoosha vidole vinne wenzake wanamwangalia tu, na mara nyingi anashusha mwenyewe.

J mpe kazi. Awe anabeba koni, apige filimbi ya kuhama vituo, ahesabu muda.

kocha_mzee

Mama hapo tutapishana kidogo. Mtoto kamtega mwenzake mpaka damu, kesho anapewa filimbi? Yule mwenye goti atajisikiaje? Na wengine watajifunza kwamba ukitaka filimbi fanya fujo. Kwanza aende akamwombe radhi mwenzake, tena uso kwa uso na sio kwa kupigiwa kelele na mwalimu. Akae vipindi viwili vitatu kama wengine. Kazi aje apewe kwa zamu, kama kila mtoto anavyopewa, na jina lake liwemo kwenye orodha. Liwemo kweli, nasema, maana watoto kama hawa mara nyingi majina yao huwa tunayaruka.

mama_wa_timu

Sawa kocha, kwa zamu nimekubali. Radhi kwanza ni kweli.

mwl_wa_hesabu

Wakuu nimerudi, imepita wiki mbili na nusu.

Kipindi cha kwanza tulifanya filimbi peke yake. Tulianzia sekunde 14 tukamaliza 6, na mtoto mmoja akaniuliza kama tutavunja rekodi wiki ijayo. Cha pili vituo nane, vituo viwili vilivurugika kabisa na kamba ikakatika, lakini hakuna aliyeumia, na sauti yangu ilikuwepo mpaka jioni.

Wasichana, mwalimu mwenzangu aliongea nao. Ilikuwa ni kama alivyosema dada_wa_viungo, na kulikuwa na wavulana wawili wenye maneno, nimeshughulika nao. Wawili wamerudi kucheza. Wa tatu anakuja anapiga filimbi ya vituo ila hachezi. Wa nne bado yuko kivulini na sijamlazimisha.

Sasa J. Alimwomba mwenzake radhi, kwa shida lakini aliomba. Nikafanya kama nilivyoambiwa, nikasimama pembeni nikamwangalia bila kusema. Kituo cha kukimbia yuko vizuri tu, anacheka, hamsumbui mtu. Kamba vizuri. Wakafika kituo cha kurushiana mpira. Mwenzake akarusha kutoka mbali kidogo, nikaona J hajanyanyua mikono mpaka mpira uko karibu kabisa na uso wake, akashtuka, akageuza kichwa pembeni, ukampiga bega. Wenzake wakacheka. Na pale pale akauokota akaupiga teke mpaka nje ya uwanja.

Nikamuita baadae tukiwa wawili tu. Nikamwomba aniambie kilichoandikwa kwenye ukuta wa lile jengo ng'ambo ya uwanja, herufi kubwa tu ambazo kila mtoto anazisoma. Akakaa kimya muda mrefu. Alafu akasema "mwalimu pale kuna maandishi?"

Dawati la mbele, wakuu. Alilichagua mwenyewe na mimi nilidhani anapenda hesabu.

Ijumaa naonana na mzazi wake tuongee habari ya kupimwa macho. Kwa sasa kwenye kile kituo nimewaambia wote wasimame hatua tatu tu kutoka kwa mwenzako, na nimeweka ule mpira mkubwa wa rangi ya njano. Jana aliudaka mara nne.